Wale Waliopewa Maji Tu

Katika muda wote alioishi nasi, Ba Profesa hakuwahi kula wa kwanza. Chakula kikiandaliwa alinawa mikono, akafumba macho kwa sala fupi ya Kifaransa, kisha akaanza kuzungumza: juu ya upepo, juu ya chumvi iliyochanganywa na mchanga, juu ya uvivu wa vijana waliosoma, kundi ambalo pale nyumbani nililiwakilisha peke yangu. Alizungumza mpaka mtu mwingine amemeza tonge. Hapo alimtazama mtu huyo kooni, kwa utulivu, na baada ya kitambo ndipo naye alipokata tonge lake. Mara nyingi koo lenyewe lilikuwa langu. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya historia na bado sijajua dunia ina haja gani nayo, basi nilidhani naheshimiwa.

Shangazi yangu, Bana Mulenga, ambaye nyumba ilikuwa yake, hakudanganyika. "Ba Profesa anakuangalia sawa vile anaangalia bale ba mu kasha," aliniambia. "Mutoto wa kaka yangu, weye uko panya yake ya mezani."

Ba Profesa alikotoka sikukujua vizuri na sitajifanya kukujua. Alivuka ziwa miaka ya mwisho ya tisini, vita vya pili vilipoanza kule ng'ambo. Kila aliyevuka kuja kwetu Kashikishi alikuja na kitu: vitenge, sabuni, redio, godoro. Yeye alikuja na sanduku la nguo lililotobolewa matundu, na watu waliosafiri naye kwenye mtumbwi wa injini waliapa kwamba lilikuwa linapumua. Lilijaa panya weupe wenye macho mekundu, wa maabara moja ya Lubumbashi. Nguo zake alizivaa zote mwilini, moja juu ya nyingine, ili panya wapate nafasi.

Profesa hakuwa. Alikuwa msaidizi wa profesa, na hilo alilisema waziwazi, isipokuwa alilisema mara moja tu na kwa sauti ndogo, halafu akaitikia "Ba Profesa" miaka yote iliyofuata. Koti lake jeupe la maabara, alilolipiga pasi ya makaa kila Jumatatu, lilikuwa na jina limetariziwa kifuani kwa uzi wa buluu, na jina hilo halikuwa lake. Siku moja nilimuuliza ni la nani.

"La mwenye koti," alisema.

"Naye yuko wapi?"

"Koti iko hapa, mwenyewe haiko. Weye umesoma historia, maliza."

Sikumaliza. Lakini tangu siku hiyo, kila nilipoliona koti limetundikwa nyuma ya mlango wake, mabega yake yakiwa yamekaa kama ya mtu, nilipita haraka.

Alikodi chumba nyuma ya ghala la shangazi. Shangazi alikuwa mfanyabiashara wa chisense, dagaa wa ziwa letu: alinunua kwa wavuvi wa Chisenga na kambi nyingine, akawaanika, akawatia magunia, na lori likija akawapeleka Kopabelti, kwenye miji ya migodi. Adui yake hakuwa ziwa wala polisi wa barabarani. Alikuwa mdudu mdogo mweusi anayeingia guniani na kuacha unga na mifupa. Gunia unaliinua asubuhi na kuliona jepesi, kama mgonjwa aliyelala siku nyingi. Baadhi ya wafanyabiashara walikwisha kuanza kunyunyizia samaki dawa ya kuulia mende, na Ba Profesa alipoona hilo sokoni alikaa chini palepale, juu ya ndoo ya mtu, akashika kichwa.

Dawa yake ilikuwa nyingine. Alitaka mbegu za mbono kaburi. Huo mti kwetu hupandwa kuzunguka makaburi, kwa sababu mbuzi hawaugusi na hauhitaji mtu wa kuutunza. Aliamini mafuta ya mbegu zake, yakipakwa kidogo kwenye gunia, yangemfukuza mdudu. Swali lilikuwa moja: je, yasingemdhuru mlaji? Na kwa swali hilo panya waliovushwa ziwa wakapata kazi.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kutoka ng'ambo kuonekana akichuma kitu makaburini mchana kweupe, akiwa amevaa koti jeupe lenye jina la mtu mwingine, alikuwa mpangaji wetu. Sifa ya familia ilikua haraka.

Namna alivyofanya kazi ilikuwa hivi. Alikaanga mbegu, akazimenya, akazitwanga, akazichemsha, akaengua mafuta na kuyachuja kwa kitambaa cha fulana. Machicha yaliyobaki aliyatupa shimoni nyuma ya choo. Panya aliwagawa katika makasha matatu ya mbao za samaki, yenye waya mbele. Wote walikula bukari, ugali wetu. Kasha la kwanza bukari ilitiwa matone machache ya mafuta. La pili ilitiwa mengi zaidi. La tatu haikutiwa kitu. Hao walipewa bukari kavu na maji tu. Aliwaita "wale wa maji," na ndio aliowapenda kuliko wote.

"Hawa benye banakula dawa, banaweza kudanganya," alinifundisha, bila mimi kuomba. "Mutu akikufa, utasema ni dawa. Lakini alikuwa na ugonjwa yake? Alikuwa na huzuni? Sijue. Wa maji njo atakuambia kweli. Wa maji hana sababu ya kufa."

Aliwapima uzito kwa mizani ya chumvi ya shangazi, akiwaomba radhi mmoja mmoja kwa Kifaransa. Aliogopa ziwa kiasi cha kutotazama upande wake anapotembea, ilhali dirisha lake lililitazama moja kwa moja. Kanisani aliimba sauti ya nne, nzito na nzuri, mpaka wanaomwogopa walijikuta wamesogea benchi la karibu. Alikuwa bahili wa sukari na mkarimu wa sabuni. Na hakukosa mazishi. Awe anamjua marehemu au hamjui, alikwenda, akakaa nyuma ya wanaume wengine, akauliza kwa adabu marehemu aliumwa nini na alikula nini. Swali la pili ndilo lililomharibia.

Maana panya walikuwa wameanza kufa. Aliyekufa wa kwanza hakutoka kasha la kwanza wala la pili. Alikuwa wa maji.

Ba Profesa alimgeuza kiganjani, akampasua, akamtazama ndani, akamfunga katika ukurasa wa gazeti na kumzika chini ya papai. Akasema hutokea. Baada ya siku chache akafa mwingine wa maji, kisha mwingine. Kasha la kwanza walikuwa wanene na waking'aa. Kasha la pili walilegea na kuharisha, lakini waliishi. Wale waliopewa maji tu ndio waliokuwa wakijikunja pembeni, manyoya yamesimama, wakitazama mbele kana kwamba mtu tusiyemwona amesimama pale.

Nikiri kwamba mpaka leo sauti ya panya hainisumbui. Ukimya wao ndio unaonisumbua. Saa za adhuhuri, ziwa likiwa limelala bapa na jeupe na hakuna hata mbwa barabarani, makasha mawili yalichakarika na la tatu likanyamaza. Ba Profesa alibadilisha maji. Akayachemsha. Akaenda kuchota ya kisima cha kanisa, kwa ndoo mpya. Wa maji waliendelea kufa.

"Ni nini?" nilimuuliza.

"Haiko kintu," alisema, akiwahesabu waliobaki nyuma ya waya. "Banakufa na haiko kintu. Hiyo njo inanitia woga."

Ufukweni hesabu ilikuwa imekwisha kufanywa na watu wasiohitaji mizani. Panya mmoja alipokufa, fundi cherehani wa karibu na soko alizikwa wiki ileile. Panya mwingine, na bibi mmoja wa upande wa bandari. Ilikuwa msimu wa mvua, msimu ambao watu kwetu huugua tumbo na kufa bila kumwomba mtu ruhusa, na sisi wenyewe nyumbani tulikuwa tukishinda njia ya chooni na kulaumu maji ya ziwa. Lakini maneno yalikwisha kutoka: Ba Profesa amefungia roho za watu ndani ya makasha. Anazilisha. Akichoka kuzilisha, unajua.

Siku moja alikuja mwanamke ambaye mumewe alizama na mwili haukuonekana. Alipiga magoti mlangoni, mchana, mtoto mgongoni.

"Mukwai, Ba Profesa. Baba wa huyu mutoto eko humu?"

Nilitegemea atamfukuza, au atamtolea hotuba juu ya sayansi. Hakufanya hivyo. Alivaa koti lake, akamfungulia mlango, akamwongoza kasha hadi kasha. Mwanamke aliwatazama panya mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayetafuta sura kituoni. Walipofika la tatu, panya mmoja dhaifu alisimama kwa miguu ya nyuma akashika waya. Mwanamke alimtazama kwa muda mrefu sana.

"Awe," alisema mwishowe. "Hayuko."

"Una hakika, mama?"

"Huyu wangu alikuwa mukono wa kushoto."

Akashukuru, akaondoka. Ba Profesa alibaki amesimama. "Vwala, huyu njo mutu wa maabara," alisema. "Ameangalia kwanza, halafu amesema." Lakini panya yule, ambaye kweli alishika waya kwa mkono wa kulia, alikufa kabla ya Jumapili, na Ba Profesa hakumpasua.

Wakati huo shangazi alikuwa na haraka. Ghala lilijaa hadi darini, samaki wa msimu mzima, na lori la Kopabelti lilikuwa njiani. Kila asubuhi alimgongea.

"Ba Profesa, panya banasema nini?"

"Banasema ngojea, mama."

"Wadudu habangoje! Wadudu habakusoma!"

"Kama tukitia mafuta na mutu akufe Kopabelti, utamujua jina?"

"Weye unawajua jina hawa panya?"

"Bon," alisema Ba Profesa. "Hapo umenipata."

Siku lori lilipoingia na kuegeshwa mbele ya ghala, alikuwa amebakiwa na wa maji wawili. Aliamua kukaa nao. Adhuhuri alivuta kigoda nyuma ya mlango, chini ya koti lililotundikwa, akaniambia nikae karibu naye nisipumue kwa nguvu. Alikuwa na hofu, nami nilikuwa nayo, na sote wawili tulikuwa na shahada. Joto lilikuwa limesimama. Upindo wa koti uligusa shavu langu. Tulisikia hatua zikija, laini, za mtu asiyetaka kusikika; mlango ukasukumwa polepole, ukatufunika.

Aliyeingia alikuwa Bana Mulenga, na sahani.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kasha la tatu, akachuchumaa. "Twende, twende, bana bangu," aliwanong'oneza panya. "Mukule. Mweee, banawatesa." Na mmoja mmoja akawapitishia chisense wakavu kwenye matundu ya waya.

Ba Profesa alisimama, na koti likaanguka begani mwake. Shangazi alipiga ukelele ambao madereva wa lori waliusikia.

"Mama! Unafanya nini?"

"Weye njo unafanya nini, kukaa nyuma ya mulango kama muzimu!" Alikuwa ameshika kifua. Kisha, kwa kuwa kukamatwa hakukuwa tabia yake, akageuza kesi. "Hawa wengine uko unawapatia bukari na mafuta. Hawa bukari ya bure, bila mboga! Mu nyumba yangu! Hata mufungwa banamupatia mboga. Watu bakisikia kwa Bana Mulenga banakula bukari kavu, nitapita wapi?"

Mtu asiye wa kwetu anaweza kucheka hapa. Lakini kumlisha mtu bukari bila kitoweo, kwa mwanamke wa ufukweni, mwenye ghala la samaki, ni kumtukana mbele ya ukuta wake mwenyewe. Alikuwa amevumilia aibu hiyo siku mbili tatu, kisha huruma ikamshinda.

Ba Profesa hakucheka. Alichukua chisense mmoja sahanini, akamwinua kwenye mwanga. Samaki alikuwa na vumbi la rangi ya majivu.

"Hii ni nini?"

Shangazi alifuta vidole kwenye kitenge. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Machicha."

"Machicha gani?"

"Ya mbegu zako. Ulikuwa unatupa ku shimo. Nguvu yote ile ya kutwanga, halafu unatupa! Mi nilianika, nilitwanga tena, nilinyunyiza ku magunia. Uliniambia nisitie mafuta. Sikutia mafuta hata tone, Lesa Mungu anaona." Akaongeza, kwa fahari asiyoweza kuizuia: "Na wadudu bamekimbia, Ba Profesa. Hakuna hata mumoja."

Sumu ya mbegu ile, Ba Profesa alinieleza baadaye, sehemu kubwa hubaki katika machicha. Ndiyo maana aliyatupa. Hakuwa amefikiria kwamba katika nyumba ya mfanyabiashara wa samaki hakuna shimo la taka; kuna ghala la pili tu.

Sisi nyumbani tuliwaosha samaki kwa maji ya moto, tukamwaga, tukaosha tena, ndivyo shangazi alivyopika. Ndiyo maana tuliishia chooni tu. Panya waliwapata bila kuoshwa. Na wa Kopabelti? Ba Profesa alitoka nje, shangazi na sahani yake nyuma, akatazama lori, ambalo vijana wawili walikuwa wamekwisha kulipandishia gunia la kwanza.

"Teremusha," aliwaambia. Hawakumsikiliza, hakuwa mwenye mzigo. Akamgeukia shangazi. "Mama, hii yote tutachoma."

"Utachoma nini?"

"Yote."

"Juu ya panya?" Shangazi alicheka, kicheko kibaya, kisicho na pumzi. "Mwaka wangu muzima, Ba Profesa! Panya anakufa hata akiota ndoto mbaya. Mwe bantu, mumusikie! Kama iko sumu, nitakula hapahapa, bote baone!" Akakusanya chisense wa sahani kwenye ngumi, vumbi lao likimtoka vidoleni.

Nilimwona Ba Profesa akimtazama shangazi kooni. Jicho lilelile la mezani. Kwa namna alivyofundishwa, hapo ndipo alipopaswa kungoja mwingine ameze kwanza.

Alimshika mkono, akamfungua vidole, akawatia samaki wale kinywani mwake mwenyewe. Akatafuna. Akachukua na waliobaki sahanini.

"Miye wa dawa," alisema, kinywa kimejaa. "Weye, mama, uko wa maji. Usikule kintu. Kaa na uniangalie."

Akarudi chumbani, akalitundika koti, akalala kwenye mkeka mbele ya makasha. Shangazi aliketi mlangoni, bado amekasirika, akisema huyu mtu ni mwigizaji. Dereva akapiga honi. Shangazi akasema angoje kidogo. Jua lilikuwa halijaanza kushuka upande wa ziwa Ba Profesa alipoanza kutapika. Alitapika mpaka kukawa hakuna cha kutapika, na mwili ukaendelea kujaribu. Midomo yake ilikauka na kupasuka. Alijikunja pembeni, magoti kidevuni, nywele za mikono zimesimama, akitazama mbele, pale ambapo palikuwa na koti tu. Shangazi aliinama akamtazama, kisha akatazama kasha la tatu, ambamo panya wawili wa mwisho walikuwa wamejikunja vilevile, wakitazama palepale.

Aliinuka bila neno. Alipanda lori mwenyewe, mwanamke wa umri ule, akasukuma gunia la kwanza likaanguka chini. Lori liliondoka tupu. Magunia yote aliyamwagia mafuta ya taa kwenye shimo nyuma ya choo, na moshi wake ulikwenda chini chini juu ya ziwa, ukinuka kama chakula. Watu walikuja kutazama. Wengine walisema anachoma roho. Hakuwasahihisha, alikuwa anamlisha Ba Profesa uji kwa kijiko, akionja kila kijiko kwanza.

Alipona, ila mikono haikuacha kutetemeka tena. Siku aliyoweza kusimama alifungua makasha yote. Panya wa kasha la kwanza na la pili wakaenda zao ghalani, ambalo lilikuwa tupu. Wale wawili wa maji walikwisha kufa. Shangazi alianza upya kwa kuuza chumvi, na hakumtoza kodi wala hakumsamehe. Kabla ya kiangazi Ba Profesa aliondoka na sanduku lake, jepesi. Kitu kimoja hakukisema, na mimi sikuthubutu kukiuliza: fundi cherehani na yule bibi wa bandari, samaki waliowala kabla ya kufa walikuwa wa ghala lipi. Najua aliuliza wao walikula nini. Alikuwa anauliza kabla sote hatujajua kwa nini.

Nilimwona tena mara moja, miaka kadhaa baadaye, nilipokwenda Chisenga kumnunulia shangazi samaki. Katika kambi moja waliniambia yuko mzee kutoka ng'ambo, mtu mwema, anayeimba vizuri, lakini mlafi. Hana adabu, walisema. Chakula kikitua, hata mbele ya wageni, hata mbele ya wazee waliomzidi, mkono wake ndio wa kwanza sahanini.

Nilimkuta ameketi nje ya kibanda cha matete, mgongo kwa ziwa. Koti alikuwa amelivaa. Limekuwa la rangi ya chai, na uzi wa buluu umefumuka, jina limebaki herufi mbili. Alifurahi kuniona, akaniuliza kama nimepata kazi, akacheka kabla sijajibu. Mwanamke wa kambi alituletea bukari na chisense wa mchuzi. Watu wawili watatu walikuwa wamekaa kando, na niliwaona wakikonyezana.

Ba Profesa alinawa, akasali. Kisha akakata tonge kwa mkono unaotetemeka, akachota samaki, akala. Niliponyoosha mkono wangu akaushika.

"Ngojea kwanza, kijana."

"Profesa, samaki hawa wamevuliwa leo."

"Ngojea."

Nikarudisha mkono. Watu wa kando walicheka. Yeye hakuwatazama, alikuwa ameweka viganja magotini, akisikiliza ndani ya mwili wake kama mtu anayesikiliza nyumba yake. Bukari ilipoa. Mchuzi ulianza kufanya utando. Adhuhuri ilikuwa nyeupe, bila upepo, na kambi nzima ilikuwa imenyamaza, na mimi, ambaye nilikuwa nimepewa maji tu, nilimtazama kooni.